Pedali zinazonasa kiatu: jinsi ya kujifunza bila kuanguka

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, majirani zetu wa Rwanda walikuwa wenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Yalifanyika Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio kubwa za wanaume, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda za wanawake. Sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambao Rwanda tunaitazama ng'ambo ya Mto Kagera, tuliyafuatilia kwa karibu, wengi wetu kwenye simu.

Waliotazama vizuri waliona jambo moja. Miguu ya waendeshaji wale haikuachana na pedali hata wanapopanda mlima wamesimama. Tangu hapo swali limekuwa likitufikia: wamefungwa? Na wakitaka kusimama inakuwaje? Swali hilo si la watazamaji tu. Baiskeli za mtumba zinazofika huku kwetu nyingine huja na pedali za aina hiyo, na vijana wanaotaka kushindana wanazitafuta. Tumeona tueleze zinavyofanya kazi na namna ya kujifunza bila kuumia.

Ni kitu gani hasa

Chini ya soli ya kiatu maalumu hufungwa kipande kidogo cha chuma au plastiki ngumu. Mafundi hukiita kliti. Pedali nayo ina meno yanayobanwa na springi. Ukikanyaga, ncha ya mbele ya kliti inaingia kwanza, kisha sehemu ya nyuma inashuka na kubanwa. Utasikia mlio mfupi kama wa mtego wa panya. Hapo kiatu kimenaswa.

Kukinasua si kwa kuvuta juu. Unasukuma kisigino kwenda nje, mbali na baiskeli, kama mtu anayezima kipande cha sigara kwa kiatu. Kisigino kikifika pembe fulani, springi inaachia. Kumbuka jambo hilo, kwa kuwa karibu kila anguko linatokana na kulisahau.

Zilitoka wapi

Zamani waendeshaji wa mashindano walitumia kizimba cha chuma mbele ya pedali na mkanda wa ngozi juu ya kiatu. Ili kutoa mguu, ilibidi kuinama na kulegeza mkanda kwa mkono. Mwaka 1971 kampuni ya Cinelli ya Italia ilitoa pedali isiyo na kizimba, lakini nayo ilihitaji mkono kuifungua, na waendeshaji wengi waliiogopa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1984. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa inatengeneza vifaa vya kushikilia viatu vya watu wanaoteleza kwenye theluji. Vifaa vile huachia mguu mtu anapoanguka, ili usivunjike. Look wakahamishia wazo hilo kwenye baiskeli. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia, na kizimba kikaanza kupotea. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikatoa aina yenye kliti ndogo ya chuma iliyozama ndani ya soli, ili mtu aweze pia kutembea.

Ndiyo maana kwa Kiingereza pedali hizi huitwa "zisizo na klipu", ingawa zinanasa. Klipu inayosemwa ni kile kizimba cha zamani.

Nani anazihitaji, nani aachane nazo

Tuseme wazi. Kama baiskeli yako inabeba mikungu ya ndizi, gunia la kahawa au madumu ya maji, usifunge pedali hizi. Baiskeli yenye mzigo ikianza kulala inalala haraka, na mguu wako lazima uwe huru. Tena mlimani utashuka na kusukuma, na soli ngumu yenye chuma huteleza kwenye mawe. Pedali bapa ndiyo ya kazi hiyo.

Vilevile kama umenunua baiskeli ya mtumba yenye pedali hizi bila viatu vyake, zibadilishe. Ni ndogo, laini na telezi kwa ndala au raba. Unapozifungua kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume. Kanuni rahisi: spana ikiwa juu ya pedali, kufungua ni kuizungusha kuelekea nyuma ya baiskeli, kufunga ni kuelekea mbele, pande zote mbili. Pedali mpya ianze kwa vidole. Isipoingia kirahisi, usilazimishe. Utaharibu uzi wa krenki.

Anayefaidika ni yule anayefanya mazoezi ya mbio au safari ndefu bila mzigo. Faida kubwa ni kwamba mguu hauruki kwenye pedali barabara ikiwa na matuta au unapokanyaga kwa nguvu sana. Zisikudanganye kwamba zitakupa mapafu mapya.

Kwa nini watu huanguka

Wengi hudhani hatari iko kwenye mwendo kasi. Sivyo. Mwanafunzi huanguka akiwa amesimama, au amebakiza hatua moja kusimama. Sisi wenyewe tulipojaribu, mmoja wetu alizunguka uwanja mara tano bila tatizo, akaja kusimama mbele yetu akitabasamu, akalala chini polepole kama mti uliokatwa.

Tangu utotoni mguu wetu umezoea jambo moja: kuondoka mahali, unainuka. Baiskeli inapoanza kulala, mguu unavuta juu wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Pedali haielewi kuvutwa juu, inaelewa kisigino kwenda nje. Mtu akivuta zaidi, muda unakwisha. Kwa hiyo anayejifunza anaufundisha mguu kusahau kuinuka na kuzoea kuzunguka, na hilo huja kwa kurudia, si kwa ujasiri.

Kabla ya kupanda

Kagua vitu vitatu.

Kwanza, springi. Aina nyingi zina skrubu nyuma ya pedali yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Tumia alenki, ile spana ya fimbo iliyopinda kama herufi L, uizungushe kuelekea kutoa mpaka mshiko uwe mwepesi. Usiifungue hadi itoke. Kama pedali inanasa pande zote mbili ina skrubu mbili, hivyo baiskeli nzima ina nne. Zote ziwe sawa.

Pili, kliti. Ikae chini ya sehemu pana ya mbele ya wayo, pale vidole vinapoanzia, au nyuma yake kidogo. Aina ya Shimano ya kliti ndogo hufungwa kwa bolti mbili. Zikaze sana, na uzipake grisi kidogo zisishike kutu. Bolti moja ikidondoka, kiatu kinazunguka lakini kliti inabaki palepale, na mguu hautoki hata ukijua kila kitu. Baada ya safari ya kwanza zikaze tena. Ukipata nafasi ya kuchagua, nunua kliti ya Shimano yenye namba SH56, ambayo huachia kwa pembe zaidi ya moja, badala ya SH51 inayoachia kwa kisigino kwenda pembeni tu. Ni rafiki zaidi kwa anayeanza.

Tatu, siti. Ishushe kidogo kwa siku za mafunzo, ili mguu ufike chini bila kunyoosha vidole.

Hatua za kujifunza

1. Kiatu mkononi. Kabla hujavaa, bonyeza kiatu kwenye pedali kwa mkono, kisha kizungushe. Tazama kinaachia kwenye pembe gani.

2. Ukutani. Kaa kwenye baiskeli ukiwa umeegemea ukuta au mti. Nasa, nasua, mguu mmoja mara 30, kisha wa pili. Mwanzoni tazama chini. Baadaye tazama mbele, kwa kuwa barabarani hutapata nafasi ya kutazama pedali.

3. Mguu mmoja. Nenda uwanja wa mpira wenye nyasi, usio na mteremko. Nasa mguu wa kulia tu, wa kushoto ukae juu ya pedali bila kunaswa. Zunguka, simama, ondoka tena. Kisha badilisha.

4. Miguu yote. Chomeka kijiti ardhini. Ukiwa umebakiza kama mita 10, nasua mguu wa kushoto pedali yake ikiwa chini kabisa, na uuweke juu ya pedali bila kuunasa tena. Ndipo ufunge breki taratibu, ulalie kidogo upande wa kushoto, ukanyage chini. Mpangilio ni huu: nasua, breki, lalia, kanyaga. Anayefunga breki kwanza ndiye anayeanguka.

5. Bila taarifa. Mwombe mwenzako apige makofi wakati asioutangaza, nawe usimame. Hili ndilo zoezi la mbuzi anayekatiza barabara na mtoto anayekimbilia mpira. Usiende barabarani kabla hujalifanya mara kumi mfululizo bila kosa.

6. Mlimani. Huku kwetu huwezi kuukwepa. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Ukihisi nguvu zinakwisha, nasua mguu mapema ungali na mwendo, usingoje baiskeli isimame. Ukitaka kuondoka tena katikati ya mlima, anza kwa kukata mlima kwa pembeni, kama barabara ni tupu kabisa. Vinginevyo tembea hadi palipo tambarare.

Usimalize hatua zote kwa siku moja. Mguu uliochoka husahau.

Barabara zetu

Maelezo mengi yaliyoko kwenye intaneti yameandikwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na huwaambia watu wanasue mguu wa kulia kwanza. Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo mguu wa kwanza kutoka uwe wa kushoto, ulio upande wa ukingo wa barabara. Ukikosea, afadhali uangukie ukingoni kuliko kwenye matairi ya lori. Mnyororo nao uko kulia, kwa hiyo suruali na muundi wako havitagusa oili. Uganda nao huendesha kushoto. Lakini ukivuka kwenda Rwanda, ambako huendesha kulia, ujizoeze upya kabla hujatoka barabarani.

Kuna jambo ambalo mgeni hasimuliwi. Ukingo wa barabara zetu huinamia mtaroni. Ukisimama pembeni kabisa, mguu wa kushoto unatafuta ardhi iliyo chini kuliko ulivyotegemea. Unanasua vizuri, halafu unaangukia mtaroni mguu ukiwa huru. Chagua mapema pa kusimama palipo bapa.

Pedali hizi pia hazipendi udongo wetu. Wakati wa mvua tope jekundu hujaa kwenye kliti ukitembea hatua chache tu, na pedali ikagoma kunasa au kuachia. Lichokonoe kwa kijiti kabla ya kupanda, kisha ujaribu kunasua ukiwa bado umesimama. Kiangazi, futa vumbi kwenye springi na utie tone la oili. Kliti iliyolika huanza kuachia yenyewe au kukawia, nayo ibadilishwe.

Ukianguka

Huenda ukaanguka mara moja hata ukifuata yote haya. Ndiyo maana tumesema nyasi. Ukiona huwezi kuzuia, usinyooshe mkono kudaka ardhi. Kiganja kilichonyooshwa huvunja kifundo au mtulinga. Shika usukani, kunja viwiko, uangukie ubavu. Vaa helmeti hata uwanjani.

Ukiona kiungo kimepinda, kimevimba haraka au hakisogei, usikubali kukandwa wala kuvutwa nyumbani. Kifunge kisitikisike uende kituo cha afya. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa ufupi

Pedali bapa si aibu. Ndizo zilizobeba kahawa na ndizi za wilaya hizi, na zitaendelea. Anayetaka kushindana ajifunze hizi nyingine kwa utaratibu: springi nyepesi, ukuta, nyasi, kijiti, makofi, ndipo barabara. Na kila unapoona pa kusimama, kisigino kitoke nje kabla mkono haujagusa breki.