Livery Stable Blues: kasi, ufunguo na hisia za rekodi ya kwanza ya jazi

Februari 26, 1917, vijana watano weupe kutoka New Orleans waliingia studio ya kampuni ya Victor jijini New York. Bendi yao iliitwa Original Dixieland Jass Band. Livery Stable Blues, mojawapo ya nyimbo mbili walizorekodi siku hiyo, ilitoka kwenye sahani inayotajwa kuwa rekodi ya kwanza ya jazi kuuzwa madukani. Muziki wenyewe ulianza kabla yao, kwa wanamuziki weusi wa New Orleans.

Leo unaupata kwenye simu. Shida ni moja: ukiupima kwa programu, nakala hii inaweza kukupa jibu hili na nakala ile jibu lingine. Basi uamini lipi?

Kasi yake

Wimbo unakimbia. Ni karibu mapigo matatu kila sekunde, yaani takriban 180 kwa dakika. Programu ikikuandikia 90, usishangae, imehesabu pigo moja na kuruka moja.

Sahani iliuzwa kama muziki wa kucheza foksitroti. Lakini foksitroti ya mashindano siku hizi huenda mapigo 112 hadi 120 tu kwa dakika. Ukitaka kuucheza huu, hatua za kwikstepu zitakufaa zaidi. Dansi hiyo ilizaliwa miaka ya 1920 kutokana na foksitroti ya mbio kama hii.

Ufunguo wake

Ufunguo ni ile sauti ambayo wimbo unaifanya nyumbani na kurudi hapo kutulia. Hapa ni E-flati meja. Programu nyingine inaweza kukuambia ni E.

Chanzo ni mwendo wa sahani. Mwaka 1917 kampuni zilikuwa hazijakubaliana mwendo mmoja wa kuzungusha sahani. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 76 kwa dakika ukiipiga kwa 80, kasi inapanda kama asilimia 5. Na haipandi peke yake, sauti nayo inapanda karibu nusu toni. Hapo E-flati inageuka kuwa E, na mapigo 180 yanakuwa karibu 190.

Utajuaje ipi ni sahihi? Angalia vyombo. Koneti na klarineti za bendi kama hii hutengenezwa kwa B-flati. Kwa mpigaji wake, E-flati ni rahisi, ina alama moja tu ya flati. E ingemletea alama sita za shapu. Kwa wimbo wa mbio hivi, hakuna sababu ya kujitesa namna hiyo.

Hisia zake

Wengi wakisikia neno bluzi wanategemea huzuni. Humu utacheka. Jina lina maana ya zizi la farasi wa kukodi, na wapigaji wanaleta zizi zima: klarineti ya Larry Shields inawika kama jogoo, koneti ya Nick LaRocca inalia kama farasi, tromboni ya Eddie Edwards inatoa mlio wa ng'ombe.

Kilichobaki cha bluzi ni umbo: mizunguko ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne.

Ukitaka kuupiga mwenyewe

Usianze na namba ya programu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kisha tafuta sauti ya nyumbani kwenye kinanda. Ikiangukia katikati ya E-flati na E, kinanda chako ni kizima. Nakala hiyo ilizungushwa haraka kuliko ilivyorekodiwa. Ipunguze mwendo kidogo mpaka itue E-flati, na kasi nayo itarudi mahali pake.