Sena, Mji wa Ngome Kando ya Zambezi

Tufundishapo habari za biashara ya kale, twazitaja Kilwa na Sofala, kisha twakomea pwani. Wafanyabiashara wenyewe hawakukomea huko. Wareno walipojiimarisha Sofala mwaka 1505, wengi waliikwepa bandari hiyo, wakapitia Angoche na kuupanda mto Zambezi, wakibadilisha nguo na ushanga kwa dhahabu na pembe za ndovu. Mojawapo ya vituo vyao ulikuwa mji wa Sena, katika Msumbiji ya leo, kwenye ukingo wa kulia wa mto.

Wareno waliwafuata, nao wakafanya makao hapo katika karne ya 16. Mwishoni mwa mwaka 1571 aliwasili Francisco Barreto na jeshi lake, akiitamani migodi ya dhahabu ya bara. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hiyo mwenyeji hakupona. Farasi walikufa, na askari vilevile. Waislamu wa Sena wakasingiziwa kuwa wamewatilia sumu, wakauawa kwa mateso. Leo twajua kwamba mbung'o huwaua farasi, na kwamba malaria yatosha kulidhoofisha jeshi zima. Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573. Adui wa kweli hakuzuiliwa kwa mizinga.

Ngome nayo haikudumu. David Livingstone, aliyefika huko mwaka 1858, alikuta mji umezungukwa na boma la miti iliyochipua, na ngome ya udongo kando ya mto imebomoka hata ng'ombe wanakula majani juu ya kuta zake zilizoanguka.

Karibu na mji kuna kilima ambacho Livingstone alikiandika kwa jina la Baramuana. Alieleza kuwa maana yake ni kubeba mtoto mgongoni, kwa sababu kilima kingine kipo nyuma yake. Mwalimu wa Kiswahili hatashindwa kumtambua "mwana" katika jina hilo. Msafiri wa leo ataliona pia daraja refu la reli la Dona Ana, lililofunguliwa mwaka 1935, likalipuliwa katika vita vya miaka ya 1980, kisha likatengenezwa upya.

Wanafunzi wetu na wasome habari za Barreto. Lakini yafaa wasome kwanza habari za wale waliosingiziwa. Hao ndio waliotangulia kuifahamu njia ya mto.