Rutger Hauer na heshima ya fukara mwenye bunduki

Mwaka 2007 vijana wachache wa Dartmouth, mji unaotazamana na Halifax ng'ambo ya bandari huko Nova Scotia, Kanada, walitengeneza kionjo cha filamu ambayo haikuwapo. Kilishinda shindano lililoandaliwa kuinadi Grindhouse ya Robert Rodriguez na Quentin Tarantino, na miaka minne baadaye kikazaa filamu kamili, Hobo with a Shotgun, yaani fukara mwenye bunduki. Aliyeiongoza ni Jason Eisener, aliyeiandika ni John Davies. David Brunt, fukara wa kwenye kionjo, safari hii alipewa nafasi ya askari polisi aliyeoza, na bunduki akakabidhiwa Mholanzi aliyekwishapita miaka 65, Rutger Hauer. Uamuzi huo ndio ulioiokoa filamu. Bila Hauer tungebaki na kioja cha damu na rangi kali. Akiwamo, tunampata maskini mwenye utu kamili, mtu ambaye filamu za kisasi kwa kawaida hazimpi nafasi.

Filamu za aina hii zina mtazamo wake kuhusu nani ni mtu na nani ni hatari. Katika Death Wish ya mwaka 1974, Charles Bronson ni msanifu majengo mwenye kazi na nyumba nzuri, na anaowapiga risasi usiku ni watu wa mitaani. Mwenye mali ndiye mwenye uchungu, na asiye nacho ndiye tishio. Eisener aligeuza mambo. Steringi wake hana hata jina. Anaingia mji wa Hope Town kwa kudandia treni ya mizigo, na anachokitaka maishani ni mashine ya kukatia nyasi aliyoiona kwenye duka la rehani, inayouzwa chini kidogo ya dola 50, ili apate kibarua chake mwenyewe. Ili azipate pesa hizo anakubali kutafuna vioo mbele ya kamera ya mtu anayeuza aibu za mafukara. Majambazi wanapolivamia duka lile na kumtishia mama mwenye mtoto mchanga, mkono wake unakwenda kwenye bunduki iliyokuwa ikiuzwa humo. Ndoto ya mashine inaishia pale pale. Hauer anapotazama mashine ile, usoni mwake hamna kejeli hata chembe. Anaitamani kweli, na kwa sababu hiyo upuuzi wote unaofuata, hadi wauaji wawili waliovaa deraya mwili mzima, unakuwa na uzito.

Uzito huo hakuupata mwaka 2011. Hauer, aliyezaliwa Breukelen mwaka 1944, alijulikana kwao kwa tamthilia ya televisheni Floris ya mwaka 1969, chini ya Paul Verhoeven, aliyemwongoza pia katika Turks Fruit na Soldaat van Oranje. Filamu yake ya kwanza ya Kiingereza, The Wilby Conspiracy ya mwaka 1975, ilihusu Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi lakini ilipigwa Kenya, akiwa pamoja na Sidney Poitier na Michael Caine. Kisha ikaja Blade Runner mwaka 1982. Kwenye karatasi Roy Batty, mhusika wake, alikuwa adui wa kuuawa. Hauer aliyapunguza maneno yake ya mwisho kabla ya kamera kuwashwa, akaongeza ya kwake, na mtazamaji akajikuta akimlilia adui. Ustadi huohuo unarudi katika Hobo with a Shotgun, fukara anaposimama hospitalini mbele ya vitanda vya watoto wachanga na kuwaambia jinsi mji huu utakavyowaharibu. Mwigizaji mwingine angelifanya tukio lile kichekesho. Yeye anaongea kama babu anayewaonea wajukuu huruma.

Wapo wanaosema kipaji hiki kilipotea bure: baada ya Blade Runner na The Hitcher, Hauer alicheza filamu nyingi za bei nafuu zilizokwenda moja kwa moja kwenye kanda za video. Ni kweli alizicheza, na baadhi hazifai kutetewa. Lakini hoja hiyo inaisahau The Legend of the Holy Drinker ya Ermanno Olmi, iliyotwaa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 1988. Humo Hauer ni Andreas, mlevi anayelala chini ya madaraja ya Paris, ambaye mgeni anampa faranga 200 kwa sharti azirudishe kanisani. Andreas na fukara wa Hope Town wametengwa na miaka zaidi ya 20 na bajeti zisizofanana, ila wanashika heshima yao kwa namna ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema filamu kama hii inatukuza kujichukulia sheria mkononi. Kwetu, ambako habari za "wananchi wenye hasira kali" huishia kwa maiti ya mtu ambaye hakufikishwa mahakamani, hofu hiyo haiwezi kupuuzwa. Na kweli Eisener anaifurahia damu kupita kiasi. Tukio la basi la shule kuchomwa moto na watoto ndani lingeweza kukatwa bila hasara. Hata hivyo, ukiitazama hadithi yenyewe, chanzo cha maafa ni polisi walio mfukoni mwa Drake, jambazi anayeumiliki mji. Bunduki haimletei fukara kazi wala makazi, na kinyume na sheria ya mabanda ya video kwamba steringi hafi, huyu anakufa kwa risasi za polisi. Kisasi kinamgharimu kila kitu, na Hauer anahakikisha tunaiona gharama hiyo.

Alifariki Uholanzi tarehe 19 Julai 2019, akiwa na miaka 75, na magazeti mengi yalimkumbuka zaidi kwa Roy Batty. Mpenzi wa filamu anayetaka kumpima kwa haki aanze na ile ya Olmi, kisha aweke hii ya Eisener.