Cheti cha kuzaliwa Butembo na Beni: siku 90 za bure, na kinachofuata zikipita

Mtoto akizaliwa kwa matenite, mama anarudi nyumbani na karatasi ndogo yenye sini ya hospitali. Imeandikwa tarehe, saa, kilo za mtoto na jina la mama. Familia nyingi za Butembo na Beni wanaiweka ndani ya Biblia ama ndani ya mfuko wa nailo juu ya kabati, na wanahesabu kwamba mtoto tayari ameandikwa. Hapana. Karatasi ile inasema tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Mbele ya serikali, mtoto huyo bado hajulikani.

Kinachomfanya ajulikane ni acte de naissance, cheti cha kuzaliwa chenyewe, kinachoandikwa ndani ya kitabu cha état civil na kupewa namba. Tofauti hii ndogo ndiyo inaleta taabu kubwa miaka kumi ama kumi na tano baadaye, wakati mtoto anaombwa karatasi na mzazi anatoa ile ya matenite, iliyokwisha kuchakaa.

Kuna pia karatasi ya tatu inayochanganya watu: attestation de naissance. Hii inatolewa kwa ofisi za utawala, mara nyingi haraka, kwa mtu ambaye anaihitaji kwa jambo fulani. Inasaidia kwa mambo madogo, lakini haichukui nafasi ya acte. Anayelipa attestation leo kwa kuona kwamba amemaliza, mara nyingi atalipa tena kesho.

Nani anaandika, na wapi

Sheria inayoongoza mambo haya ni Code ya familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyobadilishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Kwa mji, mwenye kuandika ni bourgmestre wa komini, ama mtu wa état civil aliyepewa kazi hiyo. Butembo iko na komini ine: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni pia ine: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Inje ya mji, kazi ni ya mkubwa wa sekta ao wa chefferie. Kwa teritware ya Beni, kwa mfano, ni sekta za Beni-Mbau na Ruwenzori, na chefferie za Bashu na Watalinga. Tangu état de siège ilipoanza mwezi wa tano 2021, kwa komini za hapa waliwekwa maofisa wa polisi kuongoza, lakini vitabu vya état civil vilibaki kwa komini, na mzazi anaenda pale pale.

Chef wa kartie hatoi acte de naissance. Anaweza kushuhudia kwamba familia inaishi kwake, na hiyo inasaidia, basi. Akisema kwamba karatasi yake inatosha, anakosea.

Anayetangaza kuzaliwa ni baba ao mama. Wakikosekana, ndugu wa familia, munganga ao mkunga aliyezalisha, ao mwenye nyumba ambamo mama alizalia. Wengine wanafikiri mama hawezi kwenda peke yake kama baba hayuko. Anaweza. Kama wazazi hawakufunga ndoa, baba anayemkubali mtoto anafanya tangazo lake kwa état civil vilevile, lakini mama asingoje baba arudi kutoka kwa machimbo ao safarini ndipo aende kuandikisha. Siku zinahesabiwa.

Ni siku 90. Sheria ya 1987 ilikuwa inatoa 30 tu, na hapo ndipo wazazi wengi wa zamani walizoea kuchelewa. Siku hizi mzazi iko na miezi mitatu: mtoto aliyezaliwa mwanzo wa mwezi wa kwanza, muda wake unamalizika mwanzo wa mwezi wa ine. Ndani ya muda huo, kuandikisha ni bure, na acte ya kwanza inapewa bila malipo. Ikiwa mtu wa ofisi anaomba feza kwa mtoto wa wiki tatu, mzazi anaweza kumuuliza kwa heshima: « Papa, note de perception iko wapi? » Mara nyingi ulizo hilo linatosha. Feza isiyo na karatasi ya serikali haikuingia kwa serikali.

Vitu vya kubeba si vingi: karatasi ya matenite, karte za wazazi (kwa wengi ni karte ya uchaguzi, maana ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho hapa kwetu), na acte ya ndoa kama iko. Mapacha wanaandikwa kila mmoja na acte yake. Aliyezalia nyumbani na hana karatasi ya matenite aende kwanza kwa kituo cha afya kilicho karibu, maana kule wanaweza kuandika walichokiona kwa mtoto na kwa mama, kisha abebe mtu aliyesaidia kuzalisha.

Jina: hapa ndipo pa kuangalia sana

Kwa Wanande, jina linasema mtoto alikuja wa ngapi. Kambale ni mtoto mwanaume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa ine. Masika ni mwanamke wa kwanza. Muhindo na Kahindo wanakuja pale wazazi walipobadilisha, baada ya kuzaa watoto wa namna moja. Ni desturi nzuri, lakini kwa ofisi inamaanisha kwamba kwa darasa moja la Butembo kunaweza kuwa Kambale watano. Kwa hiyo postnom na prénom si mapambo. Ndivyo vinavyomtenga mtoto huyu na yule.

Na herufi. Kavugho ao Kavuho, Mumbere ao Mbere, Kahambu ao Kahambo. Ng'ambo ya Kasindi, kwa Wakonzo wa Uganda, Paluku anaandikwa Baluku, Kambale anaandikwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka. Mtoto aliyesoma miaka miwili kule Bwera na kurudi anaweza kuwa na majina mawili bila kubadilisha mtu. Mbele ya kutia sini, mzazi asome. Kama hajui kusoma, aombe karani amsomee kwa sauti, jina kwa jina, na tarehe pia. Karani anayekataa kusoma hana sababu. Kosa likionekana wakati kitabu kingali wazi mezani, linatengenezwa kwa dakika. Likionekana mwaka mmoja baadaye, bourgmestre hana ruhusa ya kukwaruza na kuandika juu. Inapaswa hukumu ya tribunali ya kurekebisha. Na karatasi iliyokwaruzwa kwa bic, hata kama jina ni la kweli, inakataliwa kama ya uongo.

Siku 90 zikipita

Sasa ndiyo sehemu inayogusa wengi. Kwa uchunguzi wa MICS wa 2017-2018, kati ya watoto wa chini ya miaka mitano kwa Congo yote, asilimia 40 tu walikuwa wameandikishwa. Yaani zaidi ya nusu wanaingia kwa njia ndefu.

Njia ndefu inaitwa jugement supplétif. Mtoto akiwa bado chini ya miaka 18, mzazi ao mlezi anaandika barua kwa tribunali ya watoto. Mahali ambapo haijawekwa, ni tribunali de paix. Mtu mkubwa asiye na acte anaenda kwa tribunali de paix. Barua inasema jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya baba na mama, na sababu ya kuchelewa. Sababu ya kweli ndiyo nzuri: vita, kukimbia, umaskini, kutojua. Judge hatafuti hadithi, anatafuta ukweli wa kuzaliwa. Kwa hiyo anaita mashahidi wanaojua mtoto: nyanya, mkunga, jirani wa zamani, mwalimu wa kwanza.

Hukumu ikitoka, kazi haijamalizika, na hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Wanabeba hukumu nyumbani na kufurahi. Hukumu ni ruhusa ya kuandika. Acte yenyewe bado. Unapita muda wa kukata rufaa, siku 30, kisha greffe inatoa certificat de non-appel. Ndipo mzazi anachukua hukumu na certificat hiyo, anapeleka kwa état civil, na bourgmestre anaandika ndani ya kitabu cha mwaka huo. Mwisho kabisa ndipo acte inatoka. Usishangae kuona imeandikwa mwaka huu kwa mtoto wa miaka tisa. Tarehe ya kuzaliwa inabaki ile ya kweli.

Njia hii iko na gharama za greffe, na kila gharama iwe na karatasi yake. Kuna watu wanaozunguka mbele ya tribunali wakisema wanaweza kutoa yote kwa siku moja. Siku moja haiwezekani, maana siku 30 za rufaa zenyewe hazipunguzwi. Anayetoa acte ya jugement kwa siku moja anatoa karatasi isiyo na kitabu nyuma yake, na siku ofisi ingine itauliza namba, hakuna mtu atakayeipata.

Mara kwa mara tribunali inatoka na kwenda kwa watu, kwa kile kinachoitwa audience foraine, kwa msaada wa mashirika yanayoshughulika na watoto. Siku hizo hukumu nyingi zinatolewa pamoja, bila mzazi kusafiri mbali. Tangazo linapitaka kwa redio, kwa kanisa na kwa chef. Ukisikia, andika majina ya watoto wako na ufike na mashahidi, maana kesho yake judge amekwisha rudi mjini.

Waliokimbia

Tangu mauaji yalipoanza kuongezeka kwa teritware ya Beni mwezi wa kumi 2014, familia nyingi zimezaa njiani: Oicha, Mavivi, Mangina, kwa jamaa wa Butembo, kwa darasa la shule. Wengine wako na mtoto aliyezaliwa kijijini ambako hakuna tena mtu wa kushuhudia. Ushauri wa kwanza ni kuanzia kwa ofisi ya mahali mtoto alipozaliwa, kama inafikika. Kama haifikiki, tribunali ya pale familia iko sasa ndiyo mlango wa kugonga, pamoja na majirani mliokimbia nao. Wale ndio mashahidi wenu. Andika majina yao na namba zao za simu wakati mngali pamoja.

Kama acte ilikuwapo lakini nyumba iliungua, si lazima kuanza upya. Kitabu cha état civil hakina karatasi moja tu kwa kila mtoto: moja inapewa mzazi, ingine inabaki kwa ofisi, ingine inaenda kwa greffe ya tribunali de grande instance. Ofisi ya komini ikiungua pia, ulizeni kwa greffe. Lakini kutafuta bila namba ni kama kutafuta sindano shambani. Kwa hiyo leo, piga picha ya acte kwa telefone, namba ya acte, volime na folio vionekane, na umtumie ndugu anayeishi mji mwingine.

Kwa nini taabu yote hii? Si kwa sababu ya shule peke yake, ingawa karatasi inaombwaka siku ya kuandikisha kwa mitihani ya serikali. Msichana wa miaka 15 akibakwa, sheria inamhesabu kama mtoto mpaka miaka 18, na anayetetea mshitakiwa atauliza kwanza: miaka yake inaonyeshwa na nini? Kijana akikamatwa na kundi la silaha na kisha kupatikana na jeshi, ulizo ni lile lile. Msichana anayetaka kuozwa mbele ya miaka 18, vilevile. Na kwa mtu wa mpaka kama sisi, anayevuka Kasindi kwa biashara na kuulizwa kila siku yeye ni wa wapi, jina lililoandikwa kwa kitabu cha Mulekera ao cha Kimemi ni jibu ambalo halihitaji kubishana.

Ofisi za état civil zinafunguliwa siku za kazi asubuhi. Mzazi mwenye mtoto mchanga nyumbani ahesabu leo: amezaliwa tarehe ngapi, na zimebaki siku ngapi.