Jina Kwenye Kibao cha Namba

Juni 2016, Waziri wa Fedha Philip Mpango alisimama Bungeni akapendekeza ada ya namba binafsi za magari ipande kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kila baada ya miaka 3. Ulipe, kibao kibebe jina lako.

Kwetu Kinyangiri jina ni bure. Bodaboda huliandika kwenye madigadi. Yule aliyemgonga shangazi yangu akakimbia, shahidi hakuishika namba yake ya MC, alilishika jina. Pikipiki 3 zilikuwa nalo. Kesi ikaishia hapo.

Mimi niliyeyaona majina hayo anasa ya wenye nazo nikageuka: la kusajiliwa halina pacha, tena linakumbukika. Shangazi, anayechechemea hadi leo, akaniuliza ni bodaboda gani mwenye milioni 10.