Waliowapandisha wengine Kibo

Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walisimama juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Meyer akakiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, akaokota jiwe la kwenda nalo kwao. Jina la Meyer limo katika kila historia ya mlima huu. Aliyekuwa akiwalindia kambi siku hizo, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji huganda usiku, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Yeye hutajwa mara chache, na hilo ni kosa, maana bila kambi ile safari ya Meyer isingefika popote.

Meyer mwenyewe alilijua jambo hili. Mwaka 1887 alijaribu akashindwa. Mwaka 1888 alirudi akiwa na Oscar Baumann, wakakutana na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilivyokuwa vimewaka pwani, wakatekwa, na hawakuachiwa mpaka ilipolipwa fidia. Safari ya tatu akaja na mpango wa chakula. Marangu, kwa Mangi Mareale, yaani mtawala wa Wachagga wa hapo, pakawa makao makuu. Kambi ya pili ikawekwa kwenye mpaka wa juu wa msitu, na ya tatu juu zaidi, kwenye tambarare iliyo kati ya Kibo na kilele cha pili, Mawenzi. Wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kati ya kambi hizo kwa zamu, kila baada ya siku chache, wakipeleka mahitaji.

Umuhimu wa mpango huo ulionekana tarehe 3 Oktoba. Siku hiyo Wazungu wale wawili walikata ngazi kwa shoka kwenye barafu, hatua baada ya hatua, hadi ukingo wa kreta. Hapo wakagundua kuwa sehemu ya juu kabisa iko mbali kidogo, upande wa kushoto, na nguvu zimewaishia. Wakageuka. Msafara usio na akiba ungelazimika kushuka hadi Marangu na pengine kukata tamaa kabisa. Wao walishuka kambini, wakamkuta Mwini Amani, wakala, wakapumzika, na siku tatu baadaye wakafika.

Hata kabla ya hapo, kila Mzungu aliyeukaribia mlima aliletwa na mtu aliyeijua njia. Aprili 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na mwavuli na wapagazi wachache, chini ya kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa London, William Cooley akiwa mbele yao, walimkejeli kwa miaka. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, aliufikia mpaka wa theluji. Wengi katika msafara wake walibaki nyuma. Aliyeandamana naye hadi juu alikuwa Tofiki, mtumishi wake kutoka pwani.

Marangu wanalo jina lao la kumbukumbu: Yohani Kinyala Lauwo. Kwa simulizi lake, alikuwa kijana aliyezoea kuzunguka msituni. Alikamatwa akikwepa kazi ya shuruti, akafikishwa kwa mangi wakati ule ule Meyer alipokuwa akiomba waongozaji. Akateuliwa yeye. Mwaka 1989, mlima ulipoadhimisha miaka 100 ya safari ile, Lauwo alikuwa bado hai, akaheshimiwa kama mwongozaji wa kwanza. Alifariki mwaka 1996, na ilisemekana umri wake ulipita miaka 120. Wapo wanaobishana kama alikanyaga kilele siku ile, kwa kuwa kitabu cha Meyer kinasema Wazungu walikuwa peke yao kwenye barafu. Kwangu mimi ubishi huo unapima kitu kidogo. Msitu wa Kilimanjaro ni mnene na una ukungu na mabonde yanayofanana, na mgeni hupotea humo muda mrefu kabla hajaiona barafu. Lauwo aliwavusha watu msitu huo kwa miongo mingi.

Wajerumani walipoutawala mlima waliupa majina yao. Kibanda cha kwanza cha wapandaji kikaitwa Bismarck, cha pili kikaitwa Peters, yaani Carl Peters, aliyekuwa mtawala wa eneo hili mwaka 1891, akanyonga watu hata serikali yake ikamfukuza kazi. Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi naye alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wenzake. Baada ya Uhuru vibanda hivyo vilipewa majina ya mamangi: Mandara, aliyekuwa baba yake Meli, na Horombo wa Rombo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kileleni, na jina la Kaiser Wilhelm likaondoka kwenye ramani, likabaki Uhuru. Hata hivyo, ukipanda leo kwa njia ya Marangu utapita pango la Hans Meyer, utoke Gillman's Point, upite Stella Point. Jina la mpagazi halimo hata mahali pamoja kwenye ukingo ule. Mamlaka ya hifadhi inaweza kulirekebisha hilo, kama ilivyowezekana kwa Bismarck.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kanuni zake zinamtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni, na kazi ya kiongozi huyo ni nzito kuliko kuonyesha njia. Karibu na saa sita usiku anawatoa wageni Kibo Hut, mita 4,700, awapandishe kwenye changarawe inayoteleza kwa mwendo wa polepole kabisa. Njia nzima anawasikiliza: nani ameacha kuongea, nani anatapika, nani anayumba. Akiona dalili mbaya dawa ni moja, kushuka. Hapo inambidi amwambie mtu aliyelipa maelfu ya dola, kilele kikiwa mbele yake, kwamba safari imeishia hapo. Kiongozi mzuri hujulikana kwa maamuzi hayo zaidi ya idadi ya vyeti alivyowapatia wageni.

Nyuma yake wako wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa mlimani, watatu au zaidi kwa mgeni mmoja. Mahema, majiko, gesi, vyakula na viti vyote hupita kichwani na mabegani mwao, na wao ndio hutangulia kambini ili mgeni akifika akute chai tayari. Mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa langoni. Kikomo hicho ni cha haki, lakini mzani haupimi nguo. Wapagazi wamekufa juu kule kwa baridi. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia mjini Moshi, unaofuatilia kama kampuni zinawalipa na kuwalisha inavyostahili, na unaowaazima bure makoti na buti. Kampuni inayomtoza mgeni mmoja mamilioni ya shilingi ina uwezo wa kumnunulia mgumu wake koti, na leseni yake ifungamanishwe na hilo.