Durga Puja: Sikukuu iliyotoka majumba ya matajiri ikaingia mitaani

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, treni na ndege ziendazo Kolkata, mashariki mwa India, hujaa Wabengali wanaorudi kwao. Wapo wanaotoka Delhi na Mumbai, wapo wanaotoka London na New Jersey. Wote wanawahi Durga Puja katika mitaa waliyokulia.

Hata mungu mwenyewe anayesherehekewa huwa anakwenda kwao. Wabengali husimulia kwamba Durga, aliyeolewa na mungu Shiva huko mlima Kailash, huja mara moja kwa mwaka kuwasalimu wazazi wake, akiwa na wanawe wanne: Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik. Ndiye huyohuyo aliyemuua Mahishasura, zimwi la umbo la nyati. Durga Puja huja majira yaleyale ambayo Wahindu wenye asili ya Gujarat wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi husherehekea sikukuu yao ya Navratri.

Zamani ibada ya Durga Puja ilikuwa ya majumba ya mamwinyi. Mwaka 1757, baada ya jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kumshinda mtawala wa Bengal katika vita vya Plassey, tajiri Nabakrishna Deb aliandaa Durga Puja kubwa katika jumba lake la Shobhabazar. Inasimuliwa kuwa Robert Clive, kamanda wa jeshi hilo, alialikwa. Matajiri wengine wakaiga, kila mmoja akitaka kumpiku mwenzake kwa karamu na ngoma. Makabwela waliishia kutazama, tena pale waliporuhusiwa kuingia.

Mageuzi yalianzia nje ya jiji. Katika mji mdogo wa Guptipara, katika karne ya 18, marafiki 12 walichanga fedha wakaandaa puja yao wenyewe. Inaelezwa kuwa walikuwa wamezuiwa mlangoni kwa tajiri mmoja. Mtindo huo wa michango ulifika Kolkata, na mwaka 1910 wakazi wa Bhawanipur wakaandaa puja ya mtaa mzima. Bagbazar na mitaa mingine ikafuata. Wakati wa harakati za kudai uhuru, mikusanyiko hiyo ikawa pia uwanja wa siasa: Subhas Chandra Bose, mmoja wa viongozi wa harakati hizo, aliwahi kuongoza kamati ya Bagbazar.

Sanamu nyingi za Durga zinazowekwa katika puja hizo hutoka Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi karibu na mto Hooghly. Fundi hufunga majani makavu ya mpunga kwenye fremu ya mianzi hadi yapate umbo la mwili, kisha huyakandika udongo wa mtoni, tabaka juu ya tabaka, na kuuacha ukauke kabla ya kupaka rangi. Kwa desturi, macho ya Durga huchorwa mwisho, siku ya Mahalaya inayotangulia sikukuu.

Alfajiri ya siku hiyo, nyumba nyingi hufungulia redio kusikiliza kipindi cha Mahishasuramardini, kinachosimulia ushindi wa Durga dhidi ya Mahishasura, kilichoanza miaka ya 1930 na kupata umaarufu kwa sauti ya Birendra Krishna Bhadra. Mwaka 1976 redio ya taifa ilimweka mwigizaji nyota Uttam Kumar mahali pake. Wasikilizaji walikuja juu, na Bhadra akarudishwa.

Asubuhi ya Ashtami, siku ya nane, familia husimama mbele ya sanamu zikiwa na maua viganjani, zikifuatisha maneno ya kuhani, kisha huyatupa maua miguuni pa Durga. Baadaye watu huketi pamoja kula khichuri, wali uliopikwa na dengu. Siku ya kumi ngoma za dhak husindikiza sanamu hadi mtoni, ambako huzamishwa, udongo ukarudi majini.

Desemba 2021, UNESCO iliiorodhesha Durga Puja ya Kolkata kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Heshima hiyo inawastahili zaidi wakazi wa mitaa kuliko wenye majumba. Katika jumba la tajiri, mtu alikuwa mgeni. Mtaani alikotoa mchango, yeye ni mwenyeji. Sikukuu ya kualikwa mtu anaweza kuikosa asijutie, lakini ile aliyochangia tangu enzi za wazazi wake atakata tiketi aifuate.